Ule Mwaka Kilima Kiliacha Kutwanga

Ule mwaka tulikula sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na viazi vitamu. Asubui viazi, muchana sombe na viazi, magaribi viazi vilivyobaki muchana. Mvua ilikataa kuisha, mihogo ikaoza ndani ya udongo, ukivuta shina unapata kitu cheusi kinanuka mpaka mbwa anaenda mbali. Mais lakini majani ya mihogo yalikuwa mazuri, makubwa, ya kijani ya kukuudhi. Donc basi katika kila kiwanja, kule Mutwanga chini ya milima, bamama balitwanga majani. Kinu huku, kinu kule, tu, tu, tu, tangu jua linatoka. Ukiniuliza tarehe niliyozaa mutoto yangu wa kwanza, sina. Uliza mwaka wa sombe. Bazee ba kule bataukumbuka bote, maana tulicheka na meno ya kijani.

Ninauandika ule mwaka kwa sababu Masika amekufa. Alikuwa muke wa kaka mukubwa wa bwana yangu. Ni kusema tulipika kwa mafiga mamoja, tukachota maji kwa muto mumoja, na tukagombana juu ya kifuniko kimoja cha sufuria. Alikufa mwezi uliopita kule Beu, mu Beni, kwa nyumba ya binti yake Kahindo. Na tena ninauandika kwa sababu ya mujukuu wangu Kanyere, anayesomea udaktari hapa Butembo. Ninamutaja mapema ili mujue kama ninajivuna. Mie nilifika mwaka wa tatu ya primaire, nikatoka. Yeye anasoma vitabu vizito hata mbuzi haiwezi kuvimaliza.

Ilianza na Kanyere. Nyumba yetu ya Vulamba, hapa Butembo, iko na ukuta mwembamba kati ya sebule na chumba chake, mutu akikohoa kule unamwambia pole huku. Mbele ya examen anatembea ndani akisema masomo kwa sauti, anaenda mpaka dirisha, anarudi. Mie nakaa kwa sebule nasokota kamba. Ni kazi yangu tangu nilipokuwa musichana: kamba za maganda ya mugomba, za kufunga magunia ya makala na ya viazi. Siku ile nilimusikia: vésicule, membrane, protéine, vésicule, membrane, protéine.

“Kanyere! Hiyo sala gani haina amina?”

“Si sala, mukaka,” vile kwetu mujukuu anaita nyanya yake. “Ni mishipa ya fahamu.”

“Na protéine inafanya nini kule? Si ni maharagi na samaki?”

Akatoka akicheka, akakaa chini kwa mukeka. “Ziko za aina mingi. Zingine zinafanya kazi ndani ya mishipa. Ona. Mushipa mumoja ukitaka kusemesha mwingine, kwa mwisho wake kuna vifuko vidogo-vidogo, vimejaa ujumbe.”

“Kama magunia kwa depo.”

“Voilà. Magunia yako karibu na ukuta, yanangoja. Mais hayawezi kutoka yenyewe.” Akachukua nyuzi kwa mapaja yangu bila ruhusa. “Kifuko kiko na uzi wake, huu. Ukuta uko na nyuzi zake, hizi. Hizo njo protéine. Zikikutana zinasokotana, zinaanza kwa ncha, zinakuja mpaka kwa ukuta. Sasa, kamba ukiisokota inafanya nini?”

“Inafupika. Unauliza mutu mwenye anasokota?”

“Inafupika, donc inavuta. Inavuta kifuko mpaka kinabandikana na ukuta, mulango unafunguka, ujumbe unamwangika kwa mushipa mwingine.”

“Na nani anasema: sasa?”

“Iko protéine ingine, kama sentinelle, mulinzi wa mulango. Inazuia. Calcium ikiingia tu, inaachilia. Mbele ufunge jicho, imeisha.”

Nilitazama kamba kwa mikono yangu. Miaka yote ile nasokota, kumbe hata ndani ya kidole kinachosokota kuna vingine vinasokotana. Nilisikia furaha, siwafichi. Nikamwambia aendelee, maana nilizani somo limeisha vizuri. Akaendelea. Akasema kuna sumu ya ugonjwa wa tetanosi, pepopunda, inaingia kwa kidonda, inapanda ndani ya mushipa mpaka kwa uti wa mugongo, na kazi yake kule ni ya makasi. Inakata ule uzi wa kifuko. Magunia yanabaki yamejaa, hakuna kamba ya kuyavuta.

“Ujumbe gani unabaki?” nikauliza.

“Zaidi ni ule wa kuambia mwili: legea. Wa kusema kaza unapita, wa kusema legea haupiti. Donc mwili wote unakaza. Mutoto muchanga, ikimuingilia kwa kitovu, ananyonya vizuri siku za kwanza, kisha taya inafungana. Kelele kidogo tu, anakuwa kama ubao.”

“Kelele gani?”

“Yoyote. Mulango. Mwangaza pia.”

“Kelele ya kinu?”

“Ya kinu, mukaka, ndiyo. Juu ya nini?”

Nilisimama. Nikaenda inje, nikarudi, nikaenda tena inje. Nikashika ufagio, nikauweka. Kanyere akanifuata na nyuzi zangu kwa mukono, ananiita. Mie tangu ule mwaka sijajua kukaa. Bwana yangu marehemu alisemaka ameoa kuku anayetafuta pa kutagia. Siku ile nilitembea kiwanja chote mpaka kivuli kikabadilika upande. Kisha nikarudi, nikamwambia kila kitu, na hapa nakiandika vile nilimwambia.

Chumba nilichozalia kule Mutwanga kilikuwa nyuma ya jiko. Udongo, dirisha moja la ubao, kitanda cha mianzi kinacholia ukigeuka, na kwa ukuta picha ya Bikira iliyokatwa kwa kalendari ya zamani. Moshi wa jiko uliingia kwa juu, donc Bikira alikuwa mweusi kama sisi. Kilinuka mafuta ya mawese na mbuzi. Nilikuwa musichana wa Butembo, nimezoea baridi na nyumba ya bati, nimeletwa kule kwenye joto na mbu. Mama mukwe hakunichoka. Alinichemshia maji ya majani, alinikanda mugongo, na rozari iko kwa shingo inanipiga kwa uso. Masika alinishika kwa nyuma, magoti yake kwa mbavu zangu, akisema: “Sukuma, weye wa bati! Zani uko unasukuma gunia ya mutu mwingine!” Nilicheka katikati ya uchungu. Mutoto akatoka hapo, juu ya ule mucheko.

Alikuwa mwanaume, wa kwanza, donc jina lake lilikuwa linamungoja: Paluku. Kwetu hatutafuti jina la mwanaume wa kwanza, linajulikana mbele mimba haijaonekana.

Kulikuwa banamuke batatu mule chumba: mama mukwe, Masika, na mie. Kitovu kilikatwa, kikafungwa na uzi, kikapakwa vile kila nyumba ya kilima ile ilipakaa: jivu ya jiko, mafuta ya mawese ya moto kidogo, na mavi makavu ya mbuzi yaliyosagwa laini kama unga. Ilipakwa polepole, na kidole kimoja, kama mutu anapakaa mutoto baraka. Mimi nilifurahi nilipoona. Niliona ya kama mutoto yangu anapendwa.

Paluku alinyonya siku za kwanza kama mutu ametembea kutoka Beni kwa miguu. Kisha asubui moja nikamupa ziwa, akageuza kichwa, akataka, midomo ikafika, taya hazikufunguka. Akalia mudomo umefungwa, kama mutu ameuma meno, na meno bado hana. Uso ukavutika kila upande. Mama mukwe akainama, akasema: “Tazama, anachekea bamalaika.” Na mie nikacheka pia. Kwa kiwanja cha pili mutu akaanza kutwanga sombe. Tu. Mutoto akakunjika kwa nyuma kama upinde. Tu. Akakunjika tena. Tukazani ni baridi, tukazani ni tumbo, mama mukwe akamufunika, akamufunua.

Masika alikuwa amesimama kwa mulango. Aliweka kiganja kwa ukuta wa udongo, akatazama mutoto, akangoja. Nilimuona akihesabu na midomo. Kisha akasema: “Ni kinu.”

“Kinu nini?”

“Kila mara kinu kinagonga, anakaza. Kinu kikinyamaza, analegea kidogo. Mutazame.”

Tukatazama. Ilikuwa kweli. Masika akafunga kitenge sawasawa, akatoka na mvua. Alienda kiwanja kwa kiwanja. Sijui aliwaambia nini. Mumoja alinielezea kisha, ya kama alipiga magoti kwa matope. Mimi nilisikia tu vinu vikianguka kimya, cha karibu, kisha cha mbele, kisha vya kule juu kabisa kwa kilima. Mwisho tukasikia muto. Tangu nifike Mutwanga sikuwa nimeusikia muto kutoka mule chumba.

Zile siku batu bote bakala viazi na chumvi. Batoto balilia sombe, bakanyamazishwa. Masika alitundika blanketi kwa dirisha, alifukuza kuku, alivua viatu, akatusemesha na mikono tu. Alipika viazi kwa majivu ili sufuria isilie. Ananipa kimoja, ninakula katika giza la muchana, mutoto kwa mapaja yangu amekaa mugumu kama mufupa, na ninasikia taya yangu mwenyewe inauma kwa kukaza. Nimekula nyama za harusi nyingi tangu pale. Chakula ninachokumbuka na ulimi ni kile kiazi cha jivu.

Pickup ya kwenda Beni ilipatikana, tukamupeleka. Njia ilikuwa matope na mashimo, na kila shimo lilimupiga. Alikufa kwa mikono yangu mbele tufike kwa dispensaire. Infirmier, muuguzi wa pale, alimutazama, akauliza alinyonya mpaka lini, akasema neno moja la kifaransa. Hakuna mutu aliyelishika. Ningelijua lile neno! Nimelingoja mpaka nimekuwa na mujukuu wa kunitafsiria.

Matanga yakaisha, kikao kikaitwa. Kule kwa bakwe zangu kulikuwa na desturi: mutoto akikufa vibaya, mama yake njo anataja nani alimukula kwa uloji, ni kusema uchawi. Mama asipotaja, hakuna mutu anaruhusiwa kufukuza mutu juu ya uloji. Tulikaa kwa sebule ya baba mukwe, kasiksi, pombe ya ndizi, kwa kati, banaume kwa viti, sisi kwa mukeka. Mama mukwe alikuwa kwa kona, anashika rozari bila kuisongesha. Masika alikuwa kwa mulango. Hakuwa amezaa bado, na hiyo peke yake ilimutosha kuwa na kosa.

Katembo, ndugu mudogo wa bwana yangu, njo alianza. Alikuwa kijana, ndevu tatu, sauti ya mutu mwenye ndevu mingi. “Mie nauliza kitu kimoja tu. Alijua namna gani ni kinu? Mama mwenye kuzaa hakujua. Mama yetu, na batoto yote amezaa, hakujua. Yeye tasa akaweka mukono kwa ukuta, akajua. Kama si yeye alimufunga, alijua namna gani?”

Sebule ikavuma. “Ni kweli. Alijua namna gani?”

“Nilitazama,” Masika akasema. “Nilitazama tu.”

“Na sisi tulikuwa vipofu?”

Hapo nilielewa kitu, na sijakisahau: ya kama mutu mumoja katika ile nyumba ndiye alimutazama mutoto yangu kabisa, na kutazama kwake njo kulimufanya muloji. Baba mukwe akanigeukia. Hakuwa mubaya. Alikuwa amechoka, alitaka jina, ili kilima kilale. “Mama Paluku, sema tu. Neno moja. Masika anarudi kwa babake kesho, na inaisha.”

Nilitazama Masika, hakuniomba kitu na macho. Nilitazama mama mukwe, rozari imenyamaza. Bwana yangu alikuwa anatazama miguu yake. Maziwa yalikuwa yananimwangika ndani ya nguo, maana maziwa haijui kama mutoto amezikwa. Nikasema:

“Hapana. Kwangu hamutapata mutu.”

“Donc mutoto alijiua?” Katembo akauliza.

“Hapana. Kwangu hamutapata mutu.”

Baba mukwe akaniambia mukamwana asiyelilia damu yake arudi kwa babake yeye. Nikafunga vitenge vyangu. Masika alinisindikiza mpaka penye pickup zinasimama, akaniwekea kwa mukono viazi viwili vya jivu, bado moto, akasema: “Mushamba wa Butembo, weye.” Njo aksanti yake ile. Nilirudi Vulamba, nikaanza kusokota kamba, na kutembea, na kusokota. Miezi mingi ikapita, bwana yangu akanifuata, na valizi moja na haya nyingi. Mwanaume tuliyezaa hapa anaitwa Kambale, kwa sababu Kambale ni jina la mwanaume wa pili. Bakwe balituma neno: mumuite Paluku, hakuna mutu atajua. Nikakataa. Mutu wa kwetu akisikia kama mukubwa wa batoto yangu ni Kambale, anajua kuna mumoja amemutangulia. Ananihesabia bila kuuliza.

Basi. Juma mbili kisha lile somo la Kanyere, telefone ikalia. Ni Kahindo, ule binti Masika alizaa mwishoni kabisa, wakati batu bamechoka kumucheka.

“Mama mudogo, mama ametuacha.”

Tukalia kidogo, kila mutu na upande wake. Kisha akasema: “Baba mudogo Katembo anakataa kaburi. Anasema mama hawezi kulala Mutwanga na Paluku pamoja. Anasema muloji hazikwi na yule alimukula. Uje, mama mudogo. Hakuna mwingine aliyebaki wa kile chumba.”

Kanyere alikataa niende peke yangu; siku hizi njia ile mutu anauliza kwanza kama iko na utulivu. Tulifika Mutwanga muchana. Kiwanja ni kile kile, nyumba sasa ya bati. Bamama ba matanga balikuwa kwa jiko, na balikuwa banatwanga sombe. Tu, tu, tu. Mabega yangu yakapanda yenyewe mpaka kwa masikio. Kanyere akaniona, akaweka mukono kwa mugongo wangu.

Katembo leo ni muzee wa jamaa, na fimbo, na kofia. Alikaa chini ya turubai mbele ya sanduku la Masika, na bana yake banaume nyuma yake. Nilimusalimu, nikakaa, nikasema mbele ya bote: “Shemeji, ule mwaka uliuliza alijua namna gani ni kinu. Jibu limefika. Mujukuu wangu atakupa.”

Kanyere akatoa nyuzi za mugomba kwa mufuko, akapiga magoti mbele ya muzee vile namna ninamufundisha, akamusokotea yote: kifuko, ukuta, nyuzi, makasi. Alisema kila kitu kiliandikwa ndani ya ugonjwa wenyewe, yeyote aliyetazama angeona. Ujumbe wa kulegea haukupita, na kinu kikamupiga mutoto. Bakijana bakasogea kutazama. Katembo alishika ile kamba ya Kanyere, akaivuta, akaona inashika. Kanyere akaikata na wembe, ikaanguka kwa mapaja yake.

“Donc alitazama tu,” Katembo akasema.

“Alitazama tu, koko,” Kanyere akamujibu, vile tunaita babu.

Muzee akatoa kofia, akaiweka kwa goti. Mumoja wa bana yake akasimama, akachukua jembe kwa ukuta. Mwingine akamufuata. Hakuna mutu aliyebatuma, na hakuna aliyebazuia. Nilisikia jembe la kwanza likiingia kwa udongo, kule pembeni, kwa baba mukwe na mama mukwe na kile kilima kidogo cha Paluku, ambacho majani yamekila. Kahindo akaanza kulia kwa sauti. Masika alikuwa amepata pa kulala.

Ningesimama hapo, nikaenda kusaidia jikoni. Mais Katembo alinishika kitenge. “Na ile makasi,” akamuuliza Kanyere, “inaingilia wapi?”

Kanyere akanitazama. “Kwa kitovu, koko. Kama wembe uko muchafu, ao kama kinapakwa udongo, mavi ya—”

“Inatosha,” nikamwambia.

Haikutosha. Muzee alikuwa ameshaelewa. Siku zote alikuwa na akili, ilikuwa taabu yake. Akamutuma Kanyere aende kuchota maji. Tukabaki sisi na sanduku. Akasogeza kiti. Kofia alikuwa ameitoa, nikaona kichwa cha mama mukwe kabisa, lile paji la uso, zile nywele nyeupe zinazokataa kulala.

“Shemeji. Mulikuwa batatu mule ndani. Masika, na weye, na…” Sauti yake haikuwa tena na ndevu. “Alitupakaa sisi bote. Alituzaa tukapona. Uniambie mie peke yangu, sitarudisha kwa mutu. Nani alipakaa?”

Kwa jiko bamama balikuwa bameacha kutwanga. Majani yalikuwa tayari. Niliangalia taya yake, imefungwa, inatetemeka kidogo kwa pembeni, inangoja kinu. Neno moja, na ningemupiga nalo mpaka siku anakufa. Na nilikuwa na haki, batu bangesema. Nikamushika mukono, nikamukanda vidole, kimoja kimoja, vile namna mutu mumoja alinikanda mugongo zamani, mpaka nikasikia vinalegea. Kisha nikamujibu.

“Hapana. Kwangu hamutapata mutu.”